Wiki ya 24: Mpaka wa mja mzito katika meli ya kitalii

MJA mzito anayepanga kupumzika baharini huwaza kwanza kuhusu mawimbi, kichefuchefu na chakula. Ni nadra kuwaza kuhusu swali ambalo karani wa kampuni ya meli atamuuliza kabla ya lolote jingine: Mimba itakuwa imefika majuma mangapi siku ambayo meli itarejea bandarini?

Jibu la swali hilo ndilo huamua iwapo atapanda ngazi ya meli au atabaki gatini na masanduku yake, tena baada ya nauli kulipwa.

Kampuni kubwa za meli za kitalii duniani hufunga mlango karibu na wiki ya 24 ya uja uzito. Royal Caribbean haimchukui abiria ambaye mimba yake itapita wiki 23 wakati wowote wa safari. Carnival nayo humkataa yule atakayeingia wiki ya 24 kabla ya safari kwisha. Maneno ya masharti hayo hutofautiana kidogo kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini yote yanalenga siku ya mwisho ya safari wala si siku ya kuabiri. Hapo ndipo wengi hukosea.

Kosa jingine hutokana na namna ya kuhesabu. Akina mama wengi huhesabu mimba kwa miezi, ilhali madaktari huhesabu kwa majuma, tena kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takriban wiki mbili kabla ya mimba kutungwa. Mama anayesema ana 'miezi mitano' huenda yumo katika wiki ya 20, au amekwisha kuikaribia ya 22. Katika maisha ya kawaida tofauti hiyo haina uzito. Mbele ya afisa anayekagua stakabadhi za abiria, inaweza kuvunja safari nzima.

Chukua mfano wa mama aliyetimiza wiki 22 siku ya kuondoka. Akichagua safari ya siku 14, atarudi akiwa ametimiza wiki 24, na bila shaka atakataliwa. Hata safari ya siku 7 inaweza kumletea matatizo. Atakapotimiza wiki 23 siku ya kurejea, atakuwa ameanza wiki ya 24, kama vile mtoto anayetimiza mwaka mmoja anavyouanza mwaka wake wa pili siku iyo hiyo. Kampuni moja itamkubali, nyingine itamkataa, na zote mbili zitakuwa zimefuata masharti yao barabara.

Mpaka huu haukuwekwa ili kuwaonea wanawake. Mtoto anayezaliwa mapema zaidi ya wakati huo ni vigumu mno kuishi hata katika hospitali bora kabisa. Kuanzia hapo anaweza kuokolewa, lakini kwa sharti moja zito: awe karibu na wadi maalumu ya watoto wachanga, yenye mashine za kupumulia, vitanda vya kupasha joto, dawa ya kuyafungua mapafu machanga, na wauguzi wa kumwangalia usiku na mchana kwa majuma kadhaa. Hakuna meli ya kitalii iliyo na wadi ya aina hiyo.

Kliniki ya meli si ya kudharauliwa, hata hivyo. Kuna miongozo iliyotolewa na chama cha madaktari wa dharura wa Marekani kuhusu huduma ambazo meli za kitalii zinafaa kuwa nazo, na meli kubwa hujitahidi kuifuata. Daktari na wauguzi wapo saa zote. Wanaweza kushona jeraha, kuweka dripu, kupiga picha ya eksirei na kuushtua moyo uliosimama. Lakini abiria wengi wa meli hizi ni watu wa umri mkubwa, na kliniki zimetayarishwa kwa maradhi ya moyo kuliko ya uzazi. Daktari bingwa wa uzazi si mmoja wa wahudumu wa kawaida melini, wala hakuna hazina ya damu kama ile ya hospitali.

Damu ndiyo inayopaswa kumtia mja mzito wasiwasi. Mama anayevuja damu kwa sababu kondo la nyuma limebanduka, au anayepatwa na kifafa cha mimba, anahitaji chumba cha upasuaji katika muda wa dakika au saa chache. Nahodha anaweza kugeuza meli na kuelekea bandari iliyo karibu, na huenda bandari hiyo ikawa mwendo wa siku nzima. Helikopta nayo ina kikomo cha mafuta, na haiwezi kuifuata meli iliyo katikati ya bahari kuu. Inapowezekana kufika, gharama ya uokoaji huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Ndiposa suala la bima halifai kuachiwa dakika ya mwisho. Bima nyingi za usafiri huichukulia mimba yenyewe kuwa jambo la kawaida lisilolipiwa, na hulipia tu matatizo yanayozuka ghafla. Nyingine huweka ukomo wao wenyewe wa majuma. Gharama za mtoto anayezaliwa safarini kabla ya wakati, ambazo ndizo kubwa kuliko zote, mara nyingi hazimo. Mwenye kukata bima hana budi kuuliza maswali mawili kwa maandishi: Je, kampuni italipia kuhamishwa kutoka melini hadi hospitali? Je, itamlipia mtoto?

Ikiwa wiki ya 24 ndiyo mwisho, je, mapema zaidi ni bora? La. Miezi mitatu ya kwanza ina hatari zake. Katika kila mimba 100 zinazotambuliwa, kati ya 10 na 20 hivi huharibika, na nyingi huharibika kabla ya wiki ya 13. Aidha, mimba moja au mbili katika kila 100 hutunga nje ya mji wa mimba, aghalabu katika mirija ya uzazi. Mrija unapopasuka, mama huvuja damu kwa ndani na anaweza kufariki asipofanyiwa upasuaji upesi. Jambo hili ni baya hata mjini. Baharini ni baya maradufu. Kipimo cha ultrasaundi kinachofanywa kabla ya kuondoka huonyesha mimba ilipo, na pia huthibitisha umri wake. Hakuna matayarisho mengine yenye faida kama hayo kwa gharama ndogo hivyo.

Wakunga na madaktari huona muhula wa pili, kuanzia wiki ya 14, kuwa wakati mwafaka wa kusafiri. Kichefuchefu cha asubuhi kwa kawaida kimepungua, na tumbo halijawa zito. Kwa msafiri wa meli, basi, dirisha lililo wazi ni la majuma tisa tu hivi. Lakini si kila mama anayefaa kulipitia. Mwenye mimba ya pacha, shinikizo la damu, historia ya kuzaa kabla ya wakati, au kondo lililoziba njia ya uzazi, huenda akashauriwa asitoke nchi kavu kabisa.

Wapo watakaosema kwamba akina mama wa visiwa vya Lamu wamekuwa wakisafiri kwa mashua na mimba zao tangu jadi. Ni kweli, na wengi wao huvuka maji hayo wakiifuata hospitali. Msafiri wa meli ya kitalii yeye huiacha hospitali nyuma.

Kwa Wakenya, meli hizi si jambo la mbali kama ilivyokuwa zamani. Bandari ya Mombasa ina kituo maalumu cha abiria wa meli za kitalii, na wapo wanaosafiri kwa ndege hadi Dubai, safari ya takriban saa tano kutoka Nairobi, ili kuabiri meli zinazozunguka Ghuba wakati wa majira ya baridi. Wengine, hasa walio na jamaa Marekani, huanzia Florida kuelekea Karibea. Hawa wana masharti mawili ya kuyatimiza, kwani mashirika ya ndege pia yana yao. Mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hayamchukui mama aliyepita wiki ya 36. Mja mzito atakayekubaliwa na meli huwa hana shida na ndege. Anachohitaji ndani ya ndege ni kuamka na kutembea kila baada ya muda, kunywa maji na kuvaa soksi za kubana miguu, kwa sababu uja uzito huifanya damu kuganda kwa urahisi zaidi.

Bandari zinazotembelewa zina mitihani yao. Mama aliyezaliwa na kulelewa Nyeri au Nyandarua, ambako malaria ni nadra, hana kinga aliyoijenga mwilini dhidi ya ugonjwa huo. Akishuka Mombasa au katika mji wowote wa mwambao wa Bahari Hindi, mbu mmoja anaweza kumwachia malaria inayoshambulia kondo la nyuma na kumfanya mtoto azaliwe na uzani mdogo, au afe tumboni. Dawa za kujikinga zipo, lakini si zote zinazofaa waja wazito, na ni daktari pekee anayepaswa kuzichagua. Katika Karibea na Amerika ya Kusini wasiwasi ni virusi vya Zika, ambavyo mnamo Februari 2016 vililifanya Shirika la Afya Duniani kutangaza hali ya dharura baada ya watoto wengi nchini Brazil kuzaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Dharura hiyo iliondolewa Novemba mwaka huo huo, lakini virusi havikutoweka, na chanjo ya kuvizuia haijapatikana.

Kuna pia kadi ya manjano. Nchi kadhaa humtaka anayetoka Kenya aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kawaida haitolewi kwa mja mzito isipokuwa hatari ya ugonjwa ni kubwa kuliko hatari ya sindano. Ambaye hakuchanjwa awali anaweza kuandikiwa na daktari barua ya kusamehewa. Ni vyema kuulizia ubalozi wa kila nchi ambayo meli itatia nanga, kwani kukubaliwa na nchi moja hakumlazimishi afisa wa nchi ya pili.

Baada ya yote hayo, ndipo huja lile suala la mawimbi. Mtu hulewa bahari kwa sababu sikio la ndani huhisi mwendo ambao macho, yakitazama kuta za chumba, hayauoni. Chumba kilicho katikati ya meli, kwenye sakafu za chini, huyumba kidogo kuliko kile cha juu kwenye omo au tezi, hata kama cha juu ndicho ghali zaidi. Kutazama upeo wa macho husaidia, na tangawizi imewasaidia wengi. Zipo dawa ambazo waja wazito wamezitumia kwa miaka mingi bila madhara kuonekana, lakini zitoke kwa daktari wa kliniki kabla ya safari, si kwa abiria wa chumba jirani.

Kutapika kunakotokana na norovirusi ni jambo jingine. Virusi hivi huenea upesi mahali ambapo watu wengi hula pamoja na kushika vyuma vilevile vya ngazi. Mja mzito akitapika na kuhara kwa siku mbili hupoteza maji kwa kasi, na anapaswa kwenda kliniki mapema badala ya kujifungia chumbani. Sanitaiza haiviui vizuri. Sabuni na maji ndiyo kinga. Kwenye meza ndefu za chakula, aepuke samaki mbichi, nyama baridi, mayai yasiyoiva na jibini laini la maziwa yasiyochemshwa, kwa kuwa vinaweza kubeba bakteria wa listeria wanaoweza kuharibu mimba hata mama mwenyewe asipougua sana. Chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi ndicho salama.

Starehe nyingine zote ni zake, isipokuwa chache. Madimbwi ya maji ya moto na vyumba vya mvuke hupandisha joto la mwili, jambo linaloweza kumdhuru mtoto, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa ni marufuku kabisa, kwa kuwa mapovu yanayojitokeza katika damu wakati wa kuibuka yanaweza kumfikia mtoto. Kwenye bandari zisizo na gati la kutosha, abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Bahari ikichafuka, ni heri abaki melini.

Na mtoto akizaliwa baharini licha ya tahadhari zote, atakuwa raia wa wapi? Meli nyingi hupeperusha bendera za Bahamas au Panama, jambo ambalo huwatia watu hofu. Kwa Wakenya jibu ni rahisi: Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 humpa uraia wa kuzaliwa mtoto ambaye mama au baba yake ni Mkenya, awe amezaliwa Kenya au kwingineko.

Kilichobaki ni karatasi. Barua ya daktari itaje tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, idadi ya majuma siku ya kuondoka na siku ya kurudi, kwamba mimba ni ya mtoto mmoja, na kwamba mama yu mzima wa kusafiri. Barua hiyo, kitabu cha kliniki, majibu ya ultrasaundi na karatasi yenye kundi lake la damu vikae katika mkoba wa mkononi. Masanduku huchukuliwa gatini na wapagazi, na mara nyingi hayafiki chumbani hadi jioni, meli ikiwa tayari imeng'oa nanga.