Fahamu: Tafsiri za mashabiki zinazowaudhi watunzi wa katuni

Tafsiri hizi ni kurasa za katuni, hasa manga za Japani, zinazoskaniwa, kufutwa maneno ya asili na kujazwa tafsiri ya mashabiki, kisha kusambazwa mtandaoni bila idhini.

Mtunzi anapoteza nini?

Mtunzi wa manga hulipwa kwa ukurasa, kisha hupata asilimia ya mauzo ya vitabu. Nakala ya wizi haimpi chochote, hata kama aliyeitafsiri hakutoza senti.

Sheria

Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, unampa mtunzi pekee haki ya kuruhusu tafsiri. Nchini Kenya ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Japani ilikaza sheria mwaka 2021: kupakua manga ukijua ni ya wizi ni kinyume cha sheria.

Msomaji wa Kakuma

Hapa ndipo penye ugumu. Kakuma, mji wa Turkana kaskazini-magharibi mwa Kenya wenye kambi ya wakimbizi tangu 1992, ina wasomaji wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Manga Plus, huduma ya mtandaoni ya mchapishaji wa Japani Shueisha iliyoanza 2019, hutoa sura mpya bure na kihalali kwa Kiingereza, Kihispania na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Kiu ya msomaji huyo ni halali, ingawa njia ya mkato si halali.

Shujaaz, katuni ya Kenya inayotolewa bure kwa Sheng tangu 2010, imekwisha kuonyesha kwamba wasomaji wa katuni kwa lugha za hapa wapo.