Maji Yatokayo Katika Nchi ya Moto



Tulikusanyika ng'ambo ya Likoni mara tu baada ya sala ya alfajiri, jamaa za nyumba saba: wazee, kina mama na watoto wa chuoni, katika gari mbili. Barabara ya Dongo Kundu siku hizi ipo, lakini watoto walitaka kuvuka kwa feri, nasi tukawaridhia. Dakika chache za mkondo wa Kilindini zilitosha kuwakumbusha dua ya kupanda chombo. Tukaingia Mombasa, kisiwa cha matumbawe, kisha tukashika njia ya bara kwenda kuitazama nchi iliyojengwa kwa moto.

Tulipita Mariakani, tukaikata nyika ya Taru, tukapumzika kidogo kwenye msikiti wa Mackinnon Road, ambao wasafiri wengi wa njia hii hawaupiti bila ya kusimama. Kutoka hapo udongo huanza kuwa mwekundu, na vilima vya Taita huchomoza upande wa kushoto.

Voi tulipokewa na mzee mmoja, rafiki wa siku nyingi, aliyetuandalia chai, mahamri na mbaazi. Alipojua tunakwenda chemchemi za Mzima, alicheka, akasema: "Mnakwenda kuyatazama maji yenu? Basi tusalimieni, sheikh. Yanapita hapa usiku na mchana, na siku nyingine hayabishi hodi."

Tulicheka naye, lakini neno lile lilituingia. Maana ni kweli kwamba sehemu ya maji wanayokunywa watu wa Mombasa hutoka Mzima, katika kaunti ya Taita Taveta, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, lenye urefu wa kilomita zipatazo 220. Ni kweli vilevile kwamba viongozi na wananchi wa kaunti hii wamekuwa wakilalamika miaka mingi kuwa faida wanayoipata ni ndogo, ilhali vijiji vyao vingi vina kiu. Bomba la pili nalo limezungumzwa muda mrefu. Sisi tufunguao mfereji asubuhi, ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza maji haya yametoka kwa nani?

Tuliingia hifadhi ya Tsavo Magharibi kwa lango la Tsavo, karibu na daraja la reli ambalo simba walisumbua wajenzi wake mwaka 1898. Mbele kidogo nchi hubadilika. Vilima vidogo vyenye umbo la chungu kilichofunikwa hutokea huku na huku. Hivyo ni vinywa vya volkeno vya zamani. Hatimaye tukalifikia jiwe lile jeusi waliloliita Shetani: mtiririko wa lava iliyoganda, urefu wake kilomita 8 hivi na upana wake zaidi ya kilomita moja na nusu, umelala katikati ya majani makavu mithili ya kisiwa. Lava hii ilimwagika karne chache tu zilizopita. Walioona ardhi ikitapika moto walidhani ni kazi ya Ibilisi, na jina likabaki.

Mtoto mmoja alituuliza kama ni kweli. Tulimjibu kwamba Shetani hana uwezo wa kuumba hata kokoto. Kazi yake ni kutia wasiwasi. Aliyeiamrisha ardhi itoe moto ndiye aliyeiamrisha itoe maji, na maji yenyewe hayako mbali.

Nayo hekima iko hapa. Milima ya Chyulu, iliyo jirani, imefanyika kwa majivu na mawe ya volkeno yenye matundu mengi. Mvua ikinyesha juu yake haifanyi mto. Huzama yote, ikapita chini ya ardhi huku ikichujwa na mawe, hata ikafika Mzima, mwendo wa kilomita zipatazo 50, ikabubujika safi kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Mawe yale yale yaliyowatisha watu ndiyo chujio na ndiyo ghala. Katika Suratul Baqara Mola wetu ametukumbusha kuwa yako mawe yanayopasuka yakatoka maji. Aya hiyo tumeisomesha miaka mingi. Siku hiyo tuliiona kwa macho.

Tukifuatana na askari wa wanyamapori, tulitembea kandokando ya vidimbwi, viboko wakipumua na mamba wamejilaza. Tuliteremka katika chumba chenye vioo kilichozamishwa majini, tukatazama samaki wakipita mbele ya nyuso zetu. Sehemu ya maji hayo huingia bombani. Yaliyobaki huungana na mto Tsavo, kisha Galana, ambao ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na humwagika baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo hata yasiyotufikia kwa bomba hutufikia kwa mto.

Tulirudi Voi magharibi. Msikitini mifereji ilikuwa mikavu tangu juzi. Yule mzee alikuwa amekwisha kuagiza ndoo nne kutoka kwenye tangi la nyumba yake, na wajukuu zake wakatumiminia kwa kopo, mmoja baada ya mwingine. Tuliokuwa adhuhuri tumesimama juu ya chemchemi, jioni tulitawadha kwa maji ya mtu aliyejinyima. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Watoto ambao nyumbani huacha mfereji ukitiririka walitosheka na kopo moja moja, nasi tukakumbuka kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita.

Tulisali magharibi na isha kwa kujumuisha na kupunguza, tukaaga. Njiani hadi Likoni tulizungumza juu ya hadithi inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Ushirika hauwi ushirika ikiwa mmoja hunywa na mwenziwe hutazama. Haki ya watu wa Taita katika maji haya ni jambo la kudaiwa na sisi tunaoyanywa, si na wao peke yao. Tuwaulize viongozi wetu tunapokutana nao. Na lililo mikononi mwetu tulianze leo: mifereji inayovuja misikitini na majumbani mwetu itengenezwe kabla ya Ijumaa ijayo.

Ama yule mzee, tumemwalika Likoni pamoja na wajukuu zake wakati wa likizo. Wameomba kuvuka kwa feri.

Wabillahi tawfiq.