Gitaa lililosema kwa kinywa cha mtu

Mwaka 1964 wasikilizaji wa redio nchini Marekani walianza kusikia wimbo wa taratibu ambao hauna mwimbaji mkuu, lakini maneno yamo. Sauti inayoyatamka ni nyembamba, ya kuvutavuta, kama ya mtu anayenong'ona akiwa ndani ya mtungi. Ni sauti ya gitaa. Wimbo unaitwa "Forever", na mpigaji wake, Pete Drake wa Nashville, jimbo la Tennessee, hakutumia koo lake hata kidogo kuyatamka maneno hayo.

"Forever" ulipanda hadi nafasi ya 25 katika chati ya jarida la Billboard. Kwa chombo ambacho kazi yake ya kila siku ni kulia nyuma ya waimbaji, hiyo haikuwa nafasi ndogo.

Wapenzi wa muziki Afrika Mashariki wanaifahamu sauti ya namna hiyo hata kama jina la Drake ni geni kwao. Waliocheza "California Love" ya 2Pac na Dr. Dre iliyotoka mwaka 1995 walimsikia humo Roger Troutman akiimba kwa mbinu ileile. Wazee wao waliotunza santuri za Jim Reeves, iwe Nairobi, Arusha au Kampala, huenda waliisikia mapema zaidi bila kujua ni nini. Drake alisimulia kwamba kabla ya "Forever" alikuwa ameshaijaribu mbinu hiyo katika rekodi ya Roger Miller, kisha katika rekodi ya Jim Reeves.

Hata hivyo Drake hakuwa wa kwanza kulisemesha gitaa.

Mke nyuma ya pazia

Miaka 25 kabla yake, mwaka 1939, kiongozi wa bendi Alvino Rey alikuwa akiwashangaza watu kwa gitaa la chuma la umeme. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Alvin McBurney, mzaliwa wa Oakland, California, na tangu ujana wake alipenda kuchezea redio na nyaya. Muziki wake haukuwa wa kantri. Ulikuwa muziki wa dansi wa bendi kubwa, wenye tarumbeta nyingi na watu waliovaa suti. Lakini gitaa ndilo lilelile ambalo baadaye lilikuja kuwa alama ya kantri.

Gitaa la chuma, ambalo wengine huliita gitaa la Kihawaii, halishikwi kifuani. Hulazwa mapajani au husimamishwa kwa miguu yake kama meza, na mpigaji, badala ya kukandamiza nyuzi kwa vidole, hutelezesha kipande cha chuma juu yake. Mtindo huo ulitoka visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku. Kwa kuwa chuma huteleza bila kusimama kwenye vituo, noti moja huingia katika nyingine jinsi sauti ya mtu inavyopanda na kushuka. Ndiyo maana hata kabla ya mbinu zozote za umeme watu walikuwa wakisema gitaa hili linalia. Kutoka kulia hadi kusema haikuwa safari ndefu.

Rey alichukua kipaza sauti cha kuvaliwa kooni, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya mawasiliano ya marubani wa kijeshi, akakiunganisha na gitaa lake kwa namna ambayo mitetemo ya koo iliweza kubadili sauti ya nyuzi. Kipaza sauti hicho hakukivaa yeye. Alikivaa mkewe, Luise King, mmoja wa dada wa kundi la King Sisters lililokuwa likiimba na bendi. Luise alisimama nyuma ya pazia akifuatisha maneno kwa kinywa. Mbele ya pazia watazamaji waliona mwanamume mmoja na gitaa linaloimba.

Mchezo ulipendwa. Katika filamu ya Jam Session ya mwaka 1944 gitaa lilipewa hata sura: mwanasesere aitwaye Stringy, ambaye "aliimba" huku Rey akipiga. Basi mwanasesere akapata jina, na Rey akapata sifa ya ufundi, ambayo kwa kweli aliistahili. Aliyetamka maneno ndiye aliyewekwa mahali ambapo hawezi kuonekana. Luise hakuwa mtu wa pembeni, maana yeye na dada zake walikuwa nyota wenyewe. Ila katika jambo hili kuonekana kwake kungeharibu mchezo.

Karibu wakati uleule mhandisi Gilbert Wright alikuja na kifaa kilichoitwa Sonovox. Spika mbili ndogo zilishikiliwa pande mbili za koo la mtu, zikapitisha ndani mlio wowote uliotakiwa, wa treni, wa kinanda au wa gitaa, naye akaunda maneno kwa mdomo bila kutoa sauti yake. Treni inayosema katika filamu ya katuni ya Dumbo, ya mwaka 1941, ni kazi ya Sonovox. Kwa miaka mingi baadaye vituo vya redio vya Marekani vilitumia mtindo huo kutamka majina yao.

Majirani wa Pete Drake

Roddis Franklin Drake, aliyejulikana kama Pete, alizaliwa mwaka 1932 huko Augusta, Georgia, mtoto wa mhubiri wa Kipentekoste. Alihamia Nashville mwaka 1959, na haikuchukua muda akawa miongoni mwa wapigaji wa studio wanaotafutwa zaidi mjini humo. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kipindi kimoja cha kurekodi kilikuwa cha saa tatu, na vipindi viliweza kufika vinne kwa siku, kila kimoja na mwimbaji wake. Mpigaji aliingia, akausikiliza wimbo mara moja au mbili, akapiga, akalipwa, akabeba gitaa lake kwenda studio nyingine. Mara nyingi jina lake halikuandikwa kwenye jalada la santuri.

Shida ya Drake, kama alivyoieleza baadaye, ilitokana na kupendwa. Kila aliyemwita alitaka mlio uleule uliosikika katika rekodi ya mwimbaji mwingine iliyofanya vizuri. Alipopendekeza kitu kipya, aliambiwa apige tu kama alivyompigia fulani. Mafundi cherehani wanaijua hali hiyo: mteja haji na wazo, anakuja na picha ya gauni la jirani.

Ndipo akaanza kutafuta, na sababu mojawapo aliyoitaja haikuwa ya muziki kabisa. Alikuwa na majirani viziwi, akafikiri ingekuwa vizuri kupata kifaa cha kuwasaidia watu wasioweza kusema. Siku moja akatazama filamu ya zamani ya Kay Kyser, kiongozi mwingine wa bendi wa zama za Rey, yenye chombo kinachosema, akatambua kwamba kumbe kuna aliyemtangulia. Kwa maelezo yake ilimchukua kama miaka mitano, na jibu lilipopatikana lilikuwa jepesi mno. Muda wote alikuwa akilizunguka.

Jibu lilikuwa mrija wa plastiki. Mlio wa gitaa ukitoka kwenye amplifaya haupelekwi kwenye spika ya kawaida. Hupelekwa kwenye spika ndogo iliyofungiwa ndani ya kitu chenye tundu moja tu. Kwenye tundu hilo huchomekwa mrija, na ncha ya pili huingia kwenye pembe ya mdomo wa mpigaji. Sasa mlio umo kinywani. Mpigaji huchezesha ulimi, midomo na taya kana kwamba anasema, na koo linabaki kimya. Mlio hutoka ukiwa umepata umbo la neno, ukanaswa na kipaza sauti kilichosimama mbele ya uso wake. Mikono inaendelea kupiga gitaa kama kawaida, jambo ambalo si dogo, kwa sababu mkono, ulimi na mguu ulio kwenye pedali lazima viende pamoja.

Anayetaka kuelewa kinachotokea anaweza kunong'ona irabu tano: a, e, i, o, u. Koo halitoi mlio, ni pumzi tu inayopita, na bado kila irabu inatambulika. Tofauti yake inafanywa na ukubwa na umbo la nafasi iliyomo kinywani. Mtu anaposema kwa kawaida, koo huleta mlio na kinywa huugeuza kuwa a au o. Drake aliliondoa koo, mahali pake akaweka nyuzi.

Konsonanti ndizo zinazosumbua. Herufi kama s na f zinahitaji upepo, na mrija unaleta mlio bila upepo. Isitoshe ulimi unagawana nafasi na plastiki. Kwa hiyo maneno ya gitaa husikika kama maandishi yaliyofutika kingo, na msikilizaji hujazia mwenyewe, hasa akiwa anayajua tayari. Hapo Drake alichagua vizuri. "Forever", uliotungwa na Buddy Killen, ni wimbo wa mwendo wa pole wenye irabu ndefu, na Wamarekani walikuwa wameshausikia mwaka 1960 ulipoimbwa na kundi la Little Dippers. Wimbo wa haraka wenye maneno mengi mapya ungekuwa kelele tu.

Mrija wabadili mikono

Drake hakuufanya mrija kuwa maisha yake. Alirudi kwenye kazi ya kulia nyuma ya wengine, na huko ndiko jina lake lilikokua. Gitaa la chuma katika "Stand By Your Man" ya Tammy Wynette ya mwaka 1968 ni lake, na lile la "Lay Lady Lay" ya Bob Dylan ya mwaka 1969 ni lake pia. Mwaka 1970 George Harrison wa Beatles alimwita London kwa ajili ya albamu ya All Things Must Pass. Huko, kazi ilipotulia kidogo, Drake alitoa mrija wake akautia mdomoni. Katika studio alikuwemo kijana wa Kiingereza, Peter Frampton, ambaye amesimulia mara nyingi jinsi alivyoduwaa.

Huko Nashville Bill West, mpigaji mwingine wa gitaa la chuma na mume wa mwimbaji Dottie West, naye alikuwa na kifaa chake. Joe Walsh amesema cha kwake alikipata kwa West, na mwaka 1973 kikasikika katika "Rocky Mountain Way". Fundi wa sauti Bob Heil akaunda chenye nguvu ya kutosha majukwaa makubwa. Frampton akapata chake, na albamu yake ya mwaka 1976, Frampton Comes Alive!, ikauzwa kwa mamilioni. Tangu hapo watu wengi waliamini kwamba mrija ulianza na vijana wa roki wenye nywele ndefu. Troutman alipokuja na kinanda cha elektroniki mahali pa gitaa, chuma na nyuzi vikawa vimetoka kabisa katika hadithi.

Leo baadhi ya mashabiki wa Bongo Fleva wakiisikia sauti hiyo hudhani ni Auto-Tune. Ni vitu viwili tofauti. Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997, ni programu ya kompyuta inayosahihisha sauti ya mtu aliyeimba kwa koo lake. Kwenye mrija hakuna aliyeimba. Na hakuna kompyuta inayofanya kazi ya ulimi, wala inayofuta mate yanayoteremka kwenye plastiki.

Drake alifariki mwaka 1988. Jumba la Heshima la muziki wa kantri la Nashville lilimwingiza rasmi mwaka 2022, miaka 34 baadaye. Luise King alifariki mwaka 1997, na mumewe mwaka 2004.

Wazo la Drake la kuwasaidia majirani zake lilikuwa la huruma, ingawa kwa viziwi lilikosea mahali. Kiziwi kwa kawaida ana koo zima. Kinachomkwamisha ni kutosikia, na jirani aliyejifunza lugha ya alama angemfaa kuliko mrija wowote. Lakini wapo watu ambao wazo hilo linawahusu kweli: wale walioondolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, kwa sababu ya saratani. Vifaa vya kuwapa mlio kwa mrija wa mdomoni vilikuwepo hata kabla Rey hajampeleka mkewe nyuma ya pazia. Vya siku hizi ni vya betri. Baadhi hubanwa shingoni kama Sonovox. Vingine hupeleka mlio kwa mrija mwembamba hadi kwenye pembe ya mdomo, kama ule wa Drake. Mlio wake ni mkavu, wa noti karibu ileile, kama nyuki ndani ya kopo. Anayeutumia huagiza chai, hupiga simu, huita watoto.