KABLA YA KULIPIA SEVA, PIMENI NJIA YAKE

Mwaka jana tulikaa na kikundi kimoja cha wakulima wa ufuta katika kata ya Mkange. Wanakikundi hao walikuwa wamefungua ukurasa katika intaneti. Walitaka wanunuzi wa nje waone ufuta wao, bei yake, na kiasi kilichopo ghalani. Baadhi ya wanunuzi ni jamaa zao walioko Maskati, na wengine wako London. Ili ukurasa upate mahali pa kukaa, walikodi seva huko Marekani. Bei yake ilikuwa ndogo, wakalipa fedha ya mwaka mzima. Fedha hiyo ilitoka katika mauzo ya ufuta.

Kijana aliyewasaidia aliufungua ukurasa mbele yao asubuhi na mapema. Ukafunguka mara moja. Watu wakapiga makofi. Lakini haikupita wiki, jamaa wa Maskati wakaanza kupiga simu: "Mbona unazunguka tu? Picha haziji." Mnunuzi mmoja alichoka kungoja, akanunua kwingine. Mama mweka hazina akatuuliza, "Mwalimu, hivi sisi tumenunua kitu gani?"

Swali hilo ni la haki. Tulirudi tukaulizia, tukasoma, na leo tunalijibu ili na vikundi vingine vifaidike.

SEVA YA KUPANGA

Seva ni kompyuta isiyolala. Hukaa usiku na mchana ikingoja kuulizwa. Mtu akifungua ukurasa wenu, simu yake hupeleka ombi kwa seva, na seva hurudisha maandishi na picha. Kununua seva nzima ni ghali. Kwa hiyo wenye kompyuta kubwa huigawa kwa programu katika sehemu nyingi. Kila sehemu hufanya kazi kama kompyuta kamili, nao huipangisha kwa mwezi au kwa mwaka.

Fikirini nyumba yetu ya Kiswahili yenye ukumbi katikati. Kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake. Lakini bomba la uani ni moja. Siku jirani akifua nguo za harusi nzima, wewe utapata matone. Basi seva ya kupanga ni hivyo hivyo. Chumba ni chako, lakini waya wa kutokea nje mnautumia wengi. Tangazo likisema "waya wa gigabiti 1", hilo ndilo bomba la uani. Tangazo halikuambii utapata ndoo ngapi saa ya foleni.

Tena kuna jambo la pili, na hili ndilo liliwaumiza wenzetu. Bomba linaweza kuwa pana, na bado maji yakachelewa kwa sababu yanatoka mbali. Upana wa njia ni kitu kimoja, na urefu wa njia ni kitu kingine. Wauzaji wengi hutangaza upana. Urefu inabidi mjipimie wenyewe.

NJIA YA CHINI YA BAHARI

Watu wa pwani yetu hawakuanza leo kusikia habari za waya wa baharini. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulifika Unguja ukitokea Aden. Mwaka 1890 ukalazwa mwingine kutoka Unguja kuja Bagamoyo na Dar es Salaam. Waya wa siku hizi una nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa njia ya mwanga. Waya wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Ule wa EASSy ulifuata mwaka 2010.

Kabla ya hapo habari nyingi za kwenda ng'ambo zilipita kwenye setilaiti iliyo juu angani karibu kilomita 36,000. Ombi hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka. Jumla ni kilomita 144,000, na muda wake ni karibu nusu sekunde. Waliowahi kupiga simu za ng'ambo zamani wanakumbuka jinsi watu walivyogongana maneno. Ulidhani mwenzako amenyamaza, kumbe maneno yake bado yako njiani.

Mwanga ndani ya kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Ni mwendo mkubwa, lakini una kikomo. Hakuna muuzaji anayeweza kuuongeza, hata mkimlipa mara mbili. Hebu tufanye hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Maskati ni karibu kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 8,000. Gawanya kwa 200,000, unapata sekunde 0.04. Mafundi husema milisekunde 40, maana milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka Maskati hadi New York ni karibu kilomita 11,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 110, na huo ndio muda mdogo kabisa usioweza kupunguzwa.

Lakini waya haukati mstari ulionyooka. Mnajua wenyewe mambo ya mto Wami. Kwenye ramani Bagamoyo si mbali na Mkange. Lakini mto ukijaa na njia ya Matipwili ikafungwa, mtu huzunguka kwa Miono, Mandera na Msata ndipo afike. Habari za intaneti nazo huzunguka. Ombi la kutoka Dar es Salaam kwenda Maskati linaweza kupanda hadi Marseille, Ufaransa, kisha likashuka tena kwa Bahari ya Shamu hadi Oman. Njia ya namna hiyo ikiwa na kilomita 16,000, zile milisekunde 40 zinakuwa 160. Hata majirani wawili wa Dar es Salaam wanaotumia kampuni mbili tofauti wangeweza kutumiana habari kwa kupitia Ulaya, kama kampuni zao hazikuunganishwa hapa nyumbani. Kwa sababu hiyo kuna kituo cha kubadilishana mawasiliano cha TIX hapo Dar es Salaam.

Mtu atasema, milisekunde 160 ni nini? Kope haijafumba na kufumbua. Ni kweli, kama safari ingekuwa moja. Lakini kompyuta nazo zina adabu zao. Kwanza simu hupiga hodi, na seva hujibu karibu. Pili hupatana maneno ya siri ili wezi wasisikie. Tatu ndipo simu huomba ukurasa. Hizo ni safari tatu kabla ya kuona herufi hata moja. Kisha huja maombi ya picha. Safari moja ikichukua milisekunde 300, karibu sekunde nzima imekwisha, na mnunuzi bado anatazama karatasi nyeupe.

JINSI YA KUPIMA

Kompyuta nyingi zina amri fupi iitwayo ping. Unaandika neno hilo pamoja na anwani ya seva. Kompyuta hupeleka kipande kidogo cha habari na kuhesabu kimekawia muda gani kurudi. Kipimo hiki hakili bando kubwa. Muulizeni muuzaji, kabla hamjalipa, anwani ya kupimia katika mji ule ule ilipo seva. Wauzaji wengi wazuri wanayo, pamoja na faili la kujaribia kupakua. Akikataa kuitoa, sisi tungemwacha. Faili hilo la kupakua pimeni kwa uangalifu, maana faili kubwa linaweza kumaliza bando la wiki.

Kosa la wenzetu wa Mkange lilikuwa kupimia mahali pasipo na mnunuzi. Walipima kwa macho, hapa hapa kijijini, kwa simu ya kijana aliyeutengeneza ukurasa. Tena simu ile ilikwisha kuufungua ukurasa usiku wake, ikaweka picha akiba ndani yake. Asubuhi ilipofunguliwa ilitoa picha za akiba. Haikwenda Marekani kuzichukua tena! Kipimo cha kweli hufanywa na mtu aliyeko Maskati, kwa simu ambayo haijawahi kuufungua ukurasa huo.

Pimeni pia saa ambazo wanunuzi wanatumia. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa 2 usiku, kwao ni saa 3, na hapo ndipo watu wametoka kazini na wote wako kwenye simu. Kipimo cha alfajiri kinaonyesha barabara isiyo na magari. Pimeni asubuhi, alasiri na usiku, kwa muda wa wiki moja, na kila kipimo kiandikwe katika daftari: tarehe, saa, mahali, muda mdogo, muda mkubwa, na vipande vilivyopotea.

Sasa kusoma namba. Tuchukue mfano wa vipande kumi. Tisa vimerudi kwa milisekunde 150, 151, 152, 150, 149, 151, 150, 410 na 153. Cha kumi hakikurudi. Mtu wa haraka atatafuta wastani, atapata karibu 180. Lakini hiyo 180 haikutokea hata mara moja! Zipangeni kuanzia ndogo hadi kubwa, mtazame iliyo katikati, yaani 151. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya njia. Kisha tazameni ile 410 na kile kilichopotea. Hayo ndiyo yanayomkasirisha mnunuzi. Vipande kumi ni vichache kwa kuamua. Pelekeni mia.

Vipande vinavyopotea tusivifanyie mzaha. Picha husafiri ikiwa imekatwa vipande vingi. Kimoja kikipotea, lazima kiombwe tena, na seva ikiona hivyo hupunguza mwendo ikidhani njia imejaa. Njia ikiwa ndefu, kuomba tena nako kunakawia. Njia ya milisekunde 150 isiyopoteza kitu huwa nafuu kuliko ya 90 inayopoteza vitatu katika kila mia.

Kuna amri nyingine, traceroute, ambayo kwenye Windows huandikwa tracert. Hiyo huonyesha vituo ambavyo habari imepitia. Mkiona nyota mahali pa kituo, msishtuke. Vituo vingine havijibu kwa makusudi, lakini hupitisha mizigo vizuri.

NJIA IKIKATIKA

Mwezi Februari 2024 waya wa SEACOM ulikatika katika Bahari ya Shamu pamoja na nyaya nyingine. Inadhaniwa ni nanga ya meli iliyopigwa kombora. Kisha Jumapili tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilikatika zote mbili upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania ilizorota sana. Wasomaji wengi mtakumbuka, maana hata kutuma picha ilikuwa kazi.

Siku kama hizo si haki kumlaumu muuzaji wa seva, wala kuhama kwa hasira. Mwenye daftari la vipimo vya zamani atajua kama ni seva iliyoharibika au ni njia. Jamaa wa Maskati akisema kwake ni 120 kama juzi, na Mkange hakuna kinachorudi, basi tatizo liko upande wetu.

Wenzetu wa Mkange walikodi seva ya pili huko Ulaya, kwa mwezi mmoja tu, kwa sababu nyaya za kwetu na za nchi za Ghuba nyingi huelekea huko, na London iko jirani. Jamaa wa Maskati na wa London walipima zote mbili kila siku. Ile ya Ulaya ilishinda kwa wote. Hapa kijijini tofauti ilikuwa ndogo, maana mnara wetu wenyewe ni mzigo mkubwa usiku. Pia walipunguza ukubwa wa picha, jambo ambalo halikuwagharimu hata senti.

Sasa wanalipa mwezi kwa mwezi. Fedha ya seva ya Marekani haikurudi, na muda wake ulikuwa umebaki miezi minne. Mama mweka hazina aliagiza itumike kuhifadhi nakala za hesabu na picha za ghala mpaka muda huo uishe.