Mzee akianguka na kugonga uso, tusiseme "aliteleza tu"

Bukavu, Uvira, Goma ao Butembo, mzee akiamka na jicho limevimba, jibu la familia mara mingi ni fupi: "Aliteleza tu, itapona." Lakini kwa mtu mwenye kupita miaka 65, kuteleza kunatosha kuvunja mifupa ya uso. Kwa vijana, sababu kubwa ni ajali za barabarani na mapigano. Kwa wazee, ya kwanza ni kuanguka, na mara mingi ni palepale nyumbani.

Kwa nini wanaanguka? Macho yanapungua nguvu, zaidi kwa wenye mtoto wa jicho. Miguu inalegea. Dawa za tansio zinaweza kuleta kizunguzungu wakati mzee anasimama haraka kutoka kitandani. Ongeza na mazingira yetu: umeme umekatika, choo kiko inje, mvua imenyesha, na njia za mtaa kama Kadutu ni za kupanda na kushuka.

Na kwa nini uso? Kijana akijikwaa, mikono inatangulia kumkinga. Kwa mzee mikono inachelewa, ao imeshika fimbo na bidoni. Mifupa nayo imepunguka nguvu, zaidi kwa wamama waliokwisha kuacha kuona siku zao.

Inayovunjika sana ni pua, mfupa wa shavu na ile inayozunguka jicho. Akigonga kidevu, taya linaweza kuvunjika juu, karibu na sikio, wakati kidevu chenyewe kina kidonda kidogo tu. Kwa mzee asiye na meno, mfupa wa taya la chini unakuwa mwembamba na unavunjika kwa urahisi.

Kuna pia jambo lenye kufichwa. Si kila mzee aliyevunjika uso ameanguka. Kuna wenye kupigwa na watu wa nyumba yao, na kuna wamama wazee wenye kupigwa juu wameshitakiwa uchawi. Kama maelezo hayalingani na kidonda, ao mzee anaogopa kusema mbele ya watu, inafaa aulizwe akiwa peke yake.

Mzee apelekwe kwa muganga bila kungoja kama anaona vitu viwili-viwili, meno hayakutani kama zamani, shavu limekufa ganzi, ao damu ya pua haikauki. Akitapika, akichanganyikiwa ao akisinzia kupita kawaida, pengine damu inavuja ndani ya kichwa. Hiyo inaweza kuonekana hata kisha siku kadhaa, na hatari inaongezeka kwa mwenye kunywa dawa za kuzuia damu kugandamana. Dawa hizo zitajwe kwa muganga.

Mbele ya kufika huko, mzee akae na ainame kidogo mbele, damu isishuke kooni. Kidonda kikandamizwe polepole na kitambaa safi. Akisikia shingo inauma, abaki kimya, kichwa kisigeuzwe. Kukanda na maji ya moto ao kujaribu kunyoosha pua kunaongeza uharibifu.

Kuzuia hakuombi feza mingi: tochi karibu na kitanda, ndoo ya usiku chumbani, mti wa kushikilia kwenye njia ya choo, viatu visivyoteleza. Na mzee akae kwanza kando ya kitanda, kisha ndipo asimame.