Kuhesabu atomu moja moja

Kupima maji kwa ndoo, sisi wote tunajua. Lakini kupima miaka ya maji, ile ni kazi ingine. Kuko mwalimu mmoja wa fizika, Zheng-Tian Lu, mutu wa China, aliyejitoa kwa kazi hiyo miaka mingi. Tuifuate polepole.

Izotopu ni nini? Ni atomu za namna moja katika shimia, lakini uzito haulingane. Sawa vile watoto wa baba mmoja: jina ni moja, kilo ni mbalimbali. Wale wanaoanza shimia mwaka huu wasiogope neno hilo.

Katika hewa kuko gazi inayoitwa kriptoni. Mionzi inayotoka mbali juu inapiga hewa na kuzaa izotopu moja, kriptoni 81. Ni haba sana: katika atomu milioni milioni za kriptoni, haifike hata moja. Mvua inaingia nayo katika udongo. Maji yakizama chini kabisa, ingine haiingie tena, na ile ya ndani inapungua: kila miaka 230 000 nusu yake inaisha. Basi, ukihesabu zilizobaki, unajua maji yalizama wakati gani. Kaboni 14, inayotumiwa kwa mifupa ya kale, haiwezi: kisha miaka 50 000 karibu yote imekwisha.

Namna gani kuhesabu kitu haba hivi? Kila izotopu inapokea mwangaza wa rangi yake tu. Lu na wenzake kule Argonne, Marekani, walitengeneza mwangaza wa leza wenye rangi ya kriptoni 81 sawasawa. Unatoka pande sita, unapunguza mbio ya atomu, na sumaku inasaidia kuishika. Atomu zingine zinapita. Ile moja inangaa, na wao wanaandika: moja. Walionyesha njia hiyo katika mwaka 1999.

Mwaka 2004 walitangaza habari ya visima vya jangwa la Misri. Maji yale yako na miaka toka 200 000 mpaka karibu milioni moja! Watu wa kule wanakunywa na kulima kwa mvua ya zamani sana, na leo mvua haianguke pale, ao kidogo tu. Kile wanachotoa hakirudi. Ile ni akiba, si mto.

Kisha Lu alirudi China kufundisha katika chuo kikuu cha Hefei. Mbele walihitaji maji tani nzima. Sasa kilo makumi kidogo zinatosha, hivi visima vingi zaidi vinaweza kupimwa. Afazali mwenye kisima ajue hesabu yake mapema, kuliko kushituka siku ndoo inapanda bila maji.