Shovels & Rope: Mume na mke wanaofanya kazi ya bendi nzima

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa muziki wa kantri katika Afrika Mashariki wamezoea sauti za Jim Reeves, Dolly Parton na Kenny Rogers, waimbaji ambao nyuma yao hujipanga wapigaji wengi wa ala. Katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, wapo wanandoa wawili walioamua kuifanya kazi hiyo yote peke yao.

Wanandoa hao ni Cary Ann Hearst na Michael Trent, wanaojulikana kwa jina la kisanii la Shovels & Rope, yaani Sepetu na Kamba. Hawana mpiga ngoma wa kukodi wala mpiga kinanda wa pembeni. Nyimbo wanazopiga, isipokuwa zile za albamu maalumu walizotenga kwa ajili ya kazi za wengine, wamezitunga wenyewe.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: watu wawili wanawezaje kutoa mlio wa watu watano, na kwa nini wachague njia hiyo yenye jasho zaidi?

Kila mmoja alikuwa na lake

Hearst alizaliwa Mississippi na kukulia Nashville, mji unaotambuliwa kuwa makao makuu ya muziki wa kantri. Trent ni mzaliwa wa Texas aliyekulia Colorado, na kabla ya ndoa alikuwa kiongozi wa bendi ya muziki wa roki iliyoitwa The Films. Wote wawili walikuwa wakitunga na kuimba mbele ya hadhira zao, kila mmoja akiwa na mipango yake.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wawili hao walikaa. Mwaka 2008 walitoa albamu ya pamoja iliyobeba majina yao, nayo ikaitwa Shovels & Rope. Mwaka 2009 walifunga ndoa. Baadaye jina la albamu likageuka kuwa jina la kundi.

Albamu iliyowafungulia milango ni O' Be Joyful ya mwaka 2012. Mmoja wa nyimbo zake, Birmingham, unaeleza jinsi njia zao mbili zilivyokutana. Wimbo huo ulishinda tuzo ya Wimbo Bora wa Mwaka katika tuzo za muziki wa Americana za mwaka 2013, na wao wakatunukiwa tuzo ya wasanii chipukizi. Americana ni jina linalotumiwa kwa muziki unaochanganya kantri, nyimbo za kijadi za vijijini, bluzi na injili.

Mikono minne, miguu minne

Jukwaani, mgawanyo wa kazi ni wa kubana matumizi ya viungo vya mwili. Mmoja hushika gitaa na kuimba. Mwenzake huketi kwenye ngoma, mguu ukikanyaga ngoma kubwa, mkono mmoja ukipiga ngoma ndogo na mkono wa pili ukibonyeza kinanda, huku naye akiimba. Katikati ya onyesho hubadilishana nafasi.

Mpangilio huo una gharama yake kisanaa. Mpiga ngoma aliyebakiwa na mkono mmoja hawezi kuweka madoido mengi, hivyo mdundo hubaki mwepesi na mkavu. Pengo hilo huzibwa na sauti. Hearst na Trent huimba sauti ya kwanza na ya pili kwa pamoja karibu wimbo mzima, jambo linalowafanya wasikilizaji wengi wasitambue kuwa hakuna gitaa la besi.

Uimbaji wa namna hiyo una mizizi mirefu Kusini mwa Marekani. Ulikuwa ukisikika barazani na makanisani kabla ya kufika studio. Mwaka 1927, katika mji wa Bristol ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, kampuni ya santuri ya Victor iliwarekodi A.P. Carter na mkewe Sara, pamoja na ndugu yao Maybelle. Kundi hilo, Carter Family, likawa mfano kwa vizazi vilivyofuata. Ndoa ya A.P. na Sara ilivunjika katika miaka ya 1930, lakini waliendelea kurekodi pamoja kwa miaka kadhaa.

Katika siku hizo hizo mjini Bristol alirekodiwa pia Jimmie Rodgers, mwana wa Mississippi. Santuri zake zilisafiri hadi Kenya. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba juu ya kiumbe nusu mtu nusu swala aitwaye Chemirocha, jina lililozaliwa kutokana na lile la mwimbaji huyo. Kwa hiyo muziki huo si mgeni kabisa katika ukanda huu.

Hesabu ya mfukoni

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao ni fedha. Bendi ya watu watano hugawana malipo ya onyesho mara tano, na hulipia vyumba, chakula na usafiri wa watu watano. Mume na mke hulala chumba kimoja, husafiri kwa gari moja na malipo yote huingia nyumba moja.

Kutunga nyimbo zao wenyewe kuna faida nyingine. Nchini Marekani, redio za kawaida zinapopiga wimbo hulipa mirabaha kwa mtunzi na mchapishaji wa muziki, lakini hazimlipi mwimbaji aliyerekodi. Msanii mwenye sauti nzuri anayeimba nyimbo za wengine anaweza kusikika redioni kila siku asipate senti kutoka huko. Anayetunga hubaki na haki yake.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina hatari. Katika nyumba nyingi, mmoja akikosa kazi mwenzake hushikilia. Kwa wanandoa wa jukwaa moja, ugonjwa wa mmoja husimamisha kipato cha wote. Maonyesho yalipositishwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, familia za aina hii zilipoteza mishahara miwili kwa siku moja. Na ndoa ikiyumba, ajira nayo huyumba.

Maisha yanapoingia katika nyimbo

Uzito huo ulijitokeza katika albamu ya Little Seeds ya mwaka 2016. Mwaka uliotangulia wanandoa hao walipata mtoto wao wa kwanza. Wakati huo baba yake Trent alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao hufuta kumbukumbu kidogo kidogo. Wimbo wa Invisible Man ulitokana na hali hiyo.

Tarehe 17 Juni 2015, mtu mwenye silaha aliwaua waumini 9 weusi waliokuwa katika somo la Biblia ndani ya kanisa la Emanuel AME mjini Charleston. Msiba huo nao ukaingia katika albamu hiyo, kupitia wimbo BWYR.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mtunzi anayeishi anachokiimba. Kuzaa, kuuguza mzazi na kuomboleza mji ni mambo ambayo mume na mke wangeyazungumza jikoni. Wao huyazungumza mbele ya watu waliolipa kiingilio, usiku baada ya usiku, bila mwanabendi wa tatu wa kujificha nyuma yake.

Kazi haijakoma. Walitoa By Blood mwaka 2019, Manticore mwaka 2022 na Something Is Working Up Above My Head mwaka 2024. Tangu mwaka 2017 wamehusishwa pia na kuanzishwa kwa tamasha la High Water, North Charleston.

Kisheria, jasho lao litaishi kuliko wao. Wimbo uliotungwa na watu wawili nchini Marekani hulindwa na hakimiliki kwa miaka 70 tangu kifo cha mtunzi wa mwisho kati yao. Kwa wanandoa, maana yake ni kwamba anayebaki hai hutunza haki ya wote wawili, na miaka ya kumwachia mtoto haianzi kuhesabiwa mpaka naye aondoke.